Kuuliza si ujinga: mazungumzo juu ya usalama wa chanjo

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana wa klabu ya afya ya shule moja ya sekondari mkoani Singida. Tunayachapa hapa ili nawe msomaji uliye Kiomboi, Manyoni, Itigi au kwingineko uyapate.)

 

Nimesoma vikaratasi vya kwenye sanduku la maswali. Vingi vinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja anataka kujua kama ni kweli ile sindano ya wasichana inafunga kizazi. Mwingine anauliza, kama chanjo ni nzuri, mbona mtu akichomwa anaumwa? Wa tatu, nadhani ni mvulana, anashangaa kwa nini wanachanjwa wasichana tu, kuna nini hapo?

Hayo ni maswali ya haki kabisa. Mwili ni wako, na kitu kinachoingia mwilini mwako unapaswa kukijua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tatizo letu si kuuliza. Tatizo ni kwamba tunaulizana sisi kwa sisi, kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye makundi ya simu, halafu jibu la kwanza tulilopata ndilo tunalolibeba mpaka nyumbani. Leo nataka tujifunze kuuliza mpaka tupate jibu la kweli, hata kama jibu hilo halitampendeza kila mtu.

TUNAZUNGUMZIA CHANJO GANI?

Chanjo inayozungumzwa sana kati yenu ni ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, au kansa ya kizazi kama wengi tunavyoiita. Saratani hii haiji kwa kurogwa wala kwa laana. Husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huenezwa kwa kujamiiana. Aina zake ni nyingi, lakini aina mbili tu, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo.

Watu wengi hukipata kirusi hiki na kupona bila hata kujua. Kwa wachache hubaki mwilini kimyakimya miaka 10, 15, hata 20, ndipo saratani inajitokeza. Wakati huo yule aliyekuwa msichana ni mama wa watoto watatu au wanne, ana shamba lake la alizeti, na familia nzima inamtegemea.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 nchini Tanzania walipata saratani hii katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walikufa kwayo. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa miaka mingi matibabu ya mionzi yalikuwa yakipatikana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini. Hebu piga hesabu ya nauli, ya chakula, ya mtu wa kumsindikiza mgonjwa, halafu weka na watoto walioachwa nyumbani.

Chanjo yenyewe ilianza kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Aprili 2018 ilizinduliwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia kwenye dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Uamuzi wa dozi moja haukutoka hewani. Sehemu ya ushahidi ilipatikana kwa majirani zetu wa Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti ulioanza mwaka 2017. Wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopewa dozi moja walikuwa bado na kinga mwilini. Nchini Kenya wanawake vijana 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki utafiti mwingine, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza.

Wazazi wengine wanaogopa kwamba kumchanja binti mdogo ni kumpa ruhusa ya kuanza ngono. La hasha. Chanjo hutolewa mapema kwa sababu inakinga tu, haiwezi kuondoa kirusi kilichokwisha kuingia. Unapofunga mlango wako usiku humkaribishi mwizi.

JE, CHANJO INA MADHARA? NDIYO

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wahamasishaji hulirukaruka. Hakuna chanjo isiyo na madhara hata kidogo. Anayekuambia haina kitu kabisa anakosea, na kesho mkono wako ukivimba hutamwamini tena hata kwa mengine aliyosema kweli.

Kwa chanjo ya HPV, karibu wasichana 8 kati ya 10 husikia maumivu pale walipochomwa. Wengine huvimba kidogo, hupata wekundu, homa ndogo, kichwa kuuma au uchovu. Hayo ndiyo wahudumu wetu huyaita maudhi madogo madogo. Ni mwili unajifunza kazi, na huisha kwa siku moja mbili.

Wengine huzimia, hasa wasichana wa rika lenu. Mara nyingi huzimia kwa hofu ya sindano, au kwa sababu wamesimama juani kwenye foleni tangu asubuhi bila kula. Hatari yenyewe ni kuanguka na kujigonga. Ndiyo maana unatakiwa uchomwe umekaa, kisha ubaki umekaa dakika 15.

Lipo na jambo zito zaidi, nalo ni mzio mkali: mwili unawasha, midomo na koo vinavimba, mtu anashindwa kupumua. Hutokea mara moja au mbili hivi katika dozi milioni moja. Ni nadra sana, lakini likitokea linahitaji msaada papo hapo. Kwa hiyo mchanjaji anatakiwa kuwa na sindano ya adrenalini karibu. Na wewe, kama uliwahi kupata mzio mkali kwa dawa au chanjo, sema kabla hujachomwa. Usione haya.

"BAADA YA" NA "KWA SABABU YA"

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Nitawauliza kuhusu kuku, maana nani asiyejua kuku wa kienyeji wa Singida?

Tuseme nyumbani mna kuku 20. Bwana mifugo amekuja, ametia kila kuku tone moja la chanjo ya kideri jichoni. Siku mbili baadaye kuku watatu wanazubaa, wanaharisha kijani, wanakufa. Jirani anasema: "Si niliwaambia? Chanjo imewaua."

Mfugaji mzoefu hatakubali haraka hivyo. Anajua kirusi cha kideri hukaa mwilini siku kadhaa kabla kuku hajaonyesha dalili. Anajua pia kuwa kinga ya chanjo huchukua wiki moja au mbili kujengeka. Basi wale watatu yawezekana walikuwa wameshaambukizwa kabla ya tone kudondoka. Walikufa baada ya chanjo, hawakufa kwa sababu ya chanjo. Atauliza: wale 17 je? Na kuku wa jirani ambaye hakuchanja wana hali gani?

Swali hilo la mfugaji ndilo swali la mtaalamu wa afya. Tuseme, kwa mfano tu, shule kadhaa zina wasichana 1,000 waliochanjwa, na katika mwezi mmoja 5 kati yao wameumwa sana tumbo. Je, ni chanjo? Huwezi kujua mpaka utazame wasichana 1,000 wa rika lile lile ambao hawakuchanjwa. Kama nao walioumwa ni 5, chanjo haihusiki. Kama waliochanjwa ni 50 na wasiochanjwa ni 5, hapo pana jambo, na mtu yeyote akikuambia nyamaza, usinyamaze.

Duniani lipo tukio moja linaloonyesha ubaya wa kuruka hatua hii. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake, walichapisha makala kuhusu watoto 12 wenye matatizo ya tumbo na ya ukuaji wa akili, naye akaihusisha chanjo ya surua na usonji. Wazazi wakaogopa, wengi wakaacha kuchanja, na surua ikarudi. Baadaye ikagundulika kwamba taarifa za watoto wale zilikuwa zimepindishwa. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha makala hiyo likaifuta, na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa. Usonji haukuwa mwingi zaidi kwa waliochanjwa. Watoto 12 upande mmoja, zaidi ya laki sita na nusu upande mwingine. Lakini maneno ya mwaka 1998 yanatembea mpaka leo, na mengine yamefika huku kwetu kwa simu.

"ETI INAFUNGA KIZAZI"

Haya, tuingie kwenye lile swali la kwanza.

Uvumi huu haukuanza na chanjo ya HPV. Mwaka 2014 nchini Kenya kulikuwa na kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo walitangaza kwamba chanjo ile ilikuwa na homoni ya mimba, iliyokusudiwa kuwazuia wanawake wasizae. Serikali ilikanusha. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF yakaeleza kwamba dawa hupimwa ikitoka kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa, katika maabara inayofaa kwa kazi hiyo, na si kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya damu ya binadamu. Mabishano yale yalichukua muda mrefu, na akina mama wengi wakabaki na hofu.

Ona swali lililowatia watu shaka Kenya: kwa nini wanawake tu? Ni swali lile lile la mvulana wetu. Na jibu lipo. Pepopunda huua watoto wachanga kwa kuingilia kwenye kitovu kilichokatwa kwa kitu kichafu. Mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto tumboni. Mwanamume hawezi kumpa mtoto kinga hiyo.

Sasa fanya utafiti mdogo nyumbani kwenu. Muulize mama, au mama mdogo, kama alichomwa sindano ya pepopunda alipokuwa mjamzito. Wengi watakuambia ndiyo, kliniki. Kisha hesabu watoto aliozaa baadaye. Pengine mmoja wao ni wewe unayesoma. Chanjo ya pepopunda imetolewa kwa wajawazito wa Tanzania kwa miongo mingi, na nyumba za Singida hazikukosa watoto.

Kuhusu HPV, wanaanza wasichana kwa sababu mlango wa kizazi wanao wao, na kwa miaka kadhaa chanjo hiyo ilikuwa adimu duniani. Zipo nchi zinazochanja na wavulana: Australia tangu mwaka 2013, Uingereza tangu 2019. Ingekuwa ni mpango wa kuwamaliza Waafrika, isingetolewa kwa watoto wa huko. Kufikia mwaka 2017 dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimeshatolewa duniani, na kamati ya WHO inayofuatilia usalama wa chanjo haikuona dalili kwamba inaharibu uzazi. Kwa upande mwingine, saratani yenyewe ndiyo inayofunga kizazi. Matibabu yake mara nyingi ni kuondoa kizazi chote, au mionzi ambayo humaliza uwezo wa kuzaa.

Na je, inakinga kweli? Nchini Uswidi walifuatilia wasichana na wanawake karibu milioni 1.7. Waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipata saratani ya mlango wa kizazi pungufu kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020.

Sisi wa Singida tunajua vizuri jinsi uvumi kuhusu mwili wa msichana unavyoweza kuumiza. Kwa miaka mingi watoto wa kike wamekeketwa mkoani kwetu kwa kisingizio cha lawalawa. Ilisemwa kuwa ni ugonjwa ambao dawa yake ni kukata. Kumbe ni maambukizi ya kawaida ya sehemu za siri, muwasho na uchafu, ambayo hutibika kwa usafi na dawa za zahanati. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini kisu hakikuwekwa chini mara moja. Vingine vilihamia kwa watoto wachanga, usiku, kwa siri. Bibi zetu hawakuwa watu wabaya. Waliambiwa, wakaamini, wakaambia wengine. Hakuna aliyeuliza: nani amepima? Wangapi waliokatwa walipona, na wangapi waliotibiwa kwa dawa walipona? Ni swali lile lile la mfugaji wa kuku.

WASICHANA WANAPOANGUKA KWA PAMOJA

Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar nchini Kolombia, mamia ya wasichana waliochanjwa HPV walianza kuzimia, kuumwa kichwa na kufa ganzi miguu. Picha zao zilionyeshwa kila mahali. Uchunguzi haukuona kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, lakini hofu ilikuwa imeshatangulia. Uchanjaji ulioanza kwa zaidi ya asilimia 90 ukashuka chini ya asilimia 20 kufikia mwaka 2016.

Sisi Watanzania tusishangae sana. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Wengine wakafuata, wakicheka, wakilia, wakikimbia. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95, na Machi 18 shule ikafungwa. Hapakuwa na chanjo yoyote pale. Wasichana waliokaa pamoja, wenye wasiwasi mmoja, waliambukizana hofu. Hawakuwa wakiigiza, waliteseka kweli. Lakini angekuwapo mchanjaji wiki ile, bila shaka lawama yote ingemwangukia yeye.

Kwa hiyo mwenzako akianguka siku ya chanjo, usimcheke na usipige kelele. Mlaze, inua miguu yake, waondoe watu waliomzunguka, mwite mhudumu.

MAKOSA YA BINADAMU

Upo upande mwingine ambao nao lazima usemwe. Chanjo inaweza kuwa nzuri, na mchanjaji akaiharibu.

Mei 2017, huko Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi uligundua kuwa bomba moja la sindano la kuchanganyia dawa lilitumika siku nne, na chanjo ilikaa siku zote hizo bila ubaridi. Waliokuwa wakichanja hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na wengine walikuwa watoto. Vijidudu viliingia kwenye chanjo, na chanjo ikawa sumu.

Wazazi wale wakisema sindano ndiyo iliyowaua watoto wao, hawadanganyi. Hatuwezi kuwajibu kwa kusema chanjo ni salama, basi. Chanjo ni salama ikitunzwa na kutolewa ipasavyo, na mwananchi anayo haki ya kusimamia hilo.

NANI ANALINDA?

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya kuzuia kuharisha kwa watoto kunakoletwa na virusi vya rota. Haikumaliza mwaka mmoja ripoti zikaanza kufika: baadhi ya watoto walipata tatizo la utumbo kuingia ndani ya utumbo. Ilikuwa kama mtoto mmoja kati ya 10,000. Julai 1999 utoaji wake ukasimamishwa, na Oktoba ikaondolewa sokoni. Chanjo mpya zilizofuata zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 kabla ya kuruhusiwa, na mojawapo ndiyo Tanzania iliyoanza kuitoa mwaka 2013.

Mwaka 2021 nasi tulilipata somo letu. Januari 27, akiwa Chato, Rais John Magufuli alionyesha shaka juu ya chanjo za Uviko-19. Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, akazipinga kanisani kwake. Mwananchi wa kawaida akabaki njia panda, kila upande unasema wake.

Ukweli ulikuwa na pande zaidi ya mbili. Chanjo ya kwanza kutolewa kwetu, ya Janssen, ilikuwa na hatari halisi, ila nadra mno. Aprili 13 mwaka huo Marekani ilikuwa imeisimamisha baada ya wanawake 6 kupata damu iliyoganda isivyo kawaida, kati ya watu wapatao milioni 6.8 waliochanjwa. Siku kumi baadaye ikaruhusiwa tena pamoja na onyo, na mwaka 2022 nchi hiyo ikapunguza matumizi yake. Aliyesema haina neno lolote hakusema yote. Aliyesema inaua watu ovyo naye hakusema kweli. Mwenye haki ya kuamua anahitaji kuwekewa mezani hatari ya chanjo na hatari ya ugonjwa, zote mbili, apime.

Hapa nchini kazi ya kufuatilia ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA. Mwaka 2018 WHO iliitambua kuwa ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora katika kazi hiyo. Lakini TMDA haina macho Mkalama wala Ikungi. Macho yake ni wewe, mama yako na mhudumu wa zahanati. Jambo lililotokea baada ya chanjo na halikuandikwa popote, kwa mtaalamu ni kama halikutokea. Na hapo ndipo uvumi unapopata nafasi.

MASWALI YA KWENDA NAYO

Basi siku ya chanjo ikifika, nenda na maswali haya, na uulize kwa adabu:

1. Hii ni chanjo gani, na inakinga ugonjwa gani?
2. Ni maudhi gani nitegemee, na kwa siku ngapi?
3. Dalili zipi zikitokea nirudi haraka?
4. Bomba la sindano ni jipya? Naomba nilione likifunguliwa.
5. Chanjo imekaa kwenye kasha lenye ubaridi?
6. Nikipata tatizo, nani ataandika taarifa, na nitapataje majibu?

Na wewe toa taarifa zako: kama una mzio, kama unaumwa siku hiyo, kama una mimba. Kama unaishi na VVU, mweleze mhudumu faraghani, kwa sababu idadi ya dozi za HPV kwako ni tofauti. Kunywa chai kabla ya kuja. Kaa dakika 15 baada ya kuchomwa.

Nyumbani, kama bibi au baba anakataa, usimbishie wala usimwambie amepitwa na wakati. Hofu yake ni ya mtu anayekupenda. Mwambie, "Bibi, naomba twende wote zahanati tukaulize." Mara nyingi mzee akijibiwa yeye mwenyewe kwa heshima, mambo yanakuwa mepesi.

Ninyi wavulana, msijitoe. Kirusi hiki wanaume nao wanakibeba na kukieneza. Neno la mzaha unalomtupia msichana aliyechanjwa, kwamba sasa hatazaa, linaweza kumfanya mdogo wake akimbie siku yake. Na ninyi wasichana, chanjo haimalizi kila aina ya HPV. Hata uliyechanjwa, ukifika miaka 30 nenda kachunguzwe mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni cha dakika chache tu.

Wadogo zangu, anayekutisha leo kwa maneno ya kusikia hatakuwepo miaka 20 ijayo kukusindikiza kwenye basi la hospitali. Na anayekuhimiza uchanjwe, akishindwa kujibu maswali yako sita, mwambie amwite anayeweza. Ulizeni, pimeni majibu, kisha amueni pamoja na wazazi wenu.

 Kama kuna swali lililobaki, sanduku bado liko wazi.